Milango Kumi na Miwili ya Ubao wa Kufulia

Nyuma ya stesheni ya Okudani, pale reli inapokomea kwa sababu mlima umekataa kusogea, limeegeshwa behewa moja la chuma lililokwisha kustaafu mara mbili. Wazee huchezea humo shogi, ule mchezo wa kete wa kwao. Akina mama huning'iniza matunda ya kaki yakauke kwenye vile vishikio vya juu ambavyo zamani vilishikwa na makarani wa Tokyo waliokuwa wamelala wima. Mwenye ufunguo ni Masuo Hirukawa, mzee wa miaka sabini na sita, mrefu hata akiingia nyumbani kwa mtu humwinamia mwenye nyumba na boriti kwa wakati mmoja. Kila asubuhi husimama mbele ya behewa lake, hunyoosha kidole chenye glavu nyeupe na kupaza sauti: "Magurudumu, sawa! Paa, sawa! Theluji, ipo!" Ndipo huingia kunywa chai.

Msimcheke. Watu wa reli wa nchi ile wote huonyesha kidole na kukitaja wanachokiona, maana jicho peke yake ni mvivu na tena ni mwongo. Ila wenzake huivua desturi hiyo pamoja na kofia wanapotoka kazini. Masuo hulala nayo.

Huyu bwana si wa bonde lile. Ni mtu wa Tokyo, tena Tokyo ya katikati, kule ambako mlima ni picha ukutani. Aliingia karakana ya reli akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huohuo yakaingia mabehewa mapya ya chuma kisichoshika kutu, yenye mbavumbavu ubavuni kote, hivi kwamba mafundi waliyatazama mara moja tu wakayaita Ubao wa Kufulia. Jina likanata. Mabehewa manane kwa treni moja, treni moja kila dakika mbili na nusu, na asubuhi kulikuwa na watu maalumu wenye glavu nyeupe ambao kazi yao ilikuwa kusukuma migongo ya abiria ili mlango ufunge. Mwenye mkoba aliingia leo, mkoba ukaingia kesho.

Kazi ya Masuo ilikuwa milango. Ilifunguliwa kwa upepo wa kompresa na kufungwa kwa upepo, kondakta akibonyeza swichi moja tu kule nyuma, na kwa miaka ishirini na miwili Masuo aliitunza kama mtu anavyotunza meno yake. Akisikia mlango ukikohoa upande wa pili wa karakana, alikuja na spana kabla haujakohoa tena. Kuoa hakuoa. Shangazi zake walimpeleka kuonana na wachumba mara tatu, na mara zote tatu alizungumzia raba za milango mpaka chai ikapoa.

Halafu zikaja treni za alumini zenye sauti ya mwanamke wa kutangaza vituo, na Ubao wa Kufulia ukaanza kukatwakatwa. Yalikuwepo mabehewa mia moja na ishirini. Masuo aliyaaga moja moja. Yalipobaki mawili, yakanunuliwa na Reli ya Hinokuma, kijireli cha stesheni kumi na nne kinachopanda bondeni kutoka mji wa Shimomachi hadi Okudani. Ilikuwa mwaka ule mfalme mpya alipokalia kiti. Kampuni yake ya Tokyo ikaazimisha na fundi pia, yeye Masuo, kwa siku arobaini, akawafundishe watu wa huko namna ya kuyatunza.

"Siku arobaini tu," aliyaambia mabehewa, na hakuona haya, maana hapakuwa na mtu. "Nikiwaacha mko salama, nitalala."

Alifika Novemba tarehe ishirini na moja. Kwa siku kumi mambo yalikwenda vizuri. Aliwafundisha breki, akawafundisha mota, akamfundisha kondakta wao Rokuro, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la kuheshimika, kufungua milango kwa sekunde thelathini kamili katika kila stesheni kama inavyofanywa Tokyo. Siku ya kumi na moja theluji ikaanguka.

Sasa, treni kuukuu za bonde lile zilikuwa na mlango wa kuvuta kwa mkono. Anayeshuka anafungua mlango wake, anatoka, anaurudisha. Asiyeshuka anakaa na joto lake. Ubao wa Kufulia ukafika stesheni ya tatu, Rokuro akabonyeza swichi, na milango yote mitatu ya upande ule wa kila behewa ikafunguka kwa pamoja, paa! Upepo wa mlimani ukaingia bila tiketi.

Kiti cha pembeni alikaa Bibi Tome, miaka themanini na moja, aliyekuwa akishuka mjini kila siku kuuza mboga za chumvi. Alimtazama Masuo, aliyesimama katikati ya behewa akihesabu sekunde kwa saa yake.

"Wewe mrefu. Wamepanda wangapi?"

"Hakuna, bibi."

"Wameshuka wangapi?"

"Hakuna."

"Sasa umemfungulia nani?"

Masuo akaangalia saa. "Bado sekunde kumi na mbili, bibi. Ndiyo ratiba."

"Umeifungulia theluji," akasema Bibi Tome. "Hiyo hapo imekaa kwenye paja langu. Mwambie Rokuro aikatie tiketi."

Behewa zima likacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na joto. Kesho yake bibi akapanda basi la manjano. Keshokutwa wakapanda wenzake sita. Katikati ya Desemba treni ya asubuhi ilikuwa inashuka na Rokuro na dereva na fundi kutoka Tokyo anayeionyesha milango kidole: "Mlango wa kwanza, sawa! Mlango wa pili, sawa!" Milango ilikuwa sawa kabisa. Hapakuwa na wa kupita.

Mkuu wa Reli ya Hinokuma, Mzee Ozeki, ambaye Jumapili alikata tiketi mwenyewe ili karani aende kuvua samaki, akamwita Masuo ofisini na kummiminia chai.

"Fundi, mimi si mtu wa kelele. Tarehe ishirini na nane ni soko la kufunga mwaka. Siku hiyo bonde zima hushuka Shimomachi, hata wagonjwa. Wakishuka na basi siku hiyo, watakuwa wamelizoea, na mimi sina treni tena. Tarehe ishirini na tisa nitampigia simu mkata vyuma aje ayachukue haya mawili."

Masuo akaweka kikombe chini. "Ndiyo ya mwisho, mzee. Hakuna mengine duniani."

"Najua. Basi fanya abiria wafungue wenyewe, kama zamani."

"Haiwezekani!" Masuo alisimama, akagonga kichwa kwenye taa. "Mlango wa treni haufunguliwi na mkono wa abiria. Tokyo..."

"Tokyo mna joto la watu. Sisi tuna joto la jiko la mafuta, na halitoshi kumpasha moto mlima."

Masuo akatoka amefura. Kwake yeye, kumpa abiria mlango ilikuwa kama daktari kumpa mgonjwa kisu ajipasue. Akaenda stesheni ya basi moja kwa moja, mtu mzima na kofia yake, akamkuta Bibi Tome amekaa juu ya kikapu.

"Bibi, rudi kwenye treni. Ile milango imefunguka na kufunga mara milioni kadhaa na haijawahi kumbana mtu kidole."

"Umewahi kukaa humo?"

"Miaka ishirini na miwili niko humo!"

"Nimekuuliza kukaa. Makalio kwenye kiti."

Masuo akafikiri. Fundi hakai. Fundi husimama, huchuchumaa, hulala chini ya behewa kifudifudi na chali. Ikamjia kwamba hajawahi hata siku moja kukaa.

"Basi leo mimi napanda nawe," akasema bibi, "lakini unakaa. Na hiyo saa weka mfukoni."

Wakakaa. Bibi akamkunjulia mboga za chumvi juu ya karatasi, akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Stesheni ya kwanza, paa, theluji ikaingia, ikatua kwenye chai. Stesheni ya nne magoti yake yalianza kugongana. Stesheni ya sita aliyahamisha masikio yake ndani ya kola. Ya tisa, milango ikafunguka mbele ya jukwaa tupu, jeupe, lisilo hata na mbwa, na Masuo kwa mazoea akanyoosha kidole, akafungua mdomo. Neno "sawa" halikutoka.

"Enhe?" akasema Bibi Tome, akitafuna.

"Bibi," akasema Masuo, meno yakigonga kama cherehani, "hii ni friji."

"Nilidhani Tokyo mmesoma."

Alasiri ileile akaingia chini ya behewa akiwa na koki mpya ya upepo na spana zake. Akili yake ilikuwa hivi: treni ikitembea, upepo uishike milango isifunguke hata kwa shoka, treni ikisimama, koki iuachie upepo, mlango uwe mwepesi, na anayetaka auvute mwenyewe, kisha kabla ya kuondoka, Rokuro afunge yote kwa swichi. Karatasi za serikali Mzee Ozeki alizishughulikia. Koki haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kwamba milango ile, toka izaliwe, haikuwa na kishikio. Ilikuwa laini kama ubavu wa sufuria. Utavuta nini?

Wakamwelekeza kwa Kikue. Kikue alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane aliyerithi duka la baba yake la kutengeneza milango ya kuteleza ya nyumbani, ile ya karatasi na mbao, na alikuwa na mdomo mkali kuliko patasi zake. Masuo akainamia boriti, akaeleza shida.

"Milango mingapi?"

"Kumi na miwili. Ndani na nje, vishikio ishirini na vinne."

Kikue akaburuta sanduku kutoka chini ya meza. Lilijaa vile vibakuli vidogo vya shaba na chuma ambavyo watu wa kwao huvizamisha kwenye mlango ili vidole vipate pa kushika: vya umbo la ndege korongo, la kibuyu, la ua la plamu, la mwezi, la jani la msonobari. Mabaki ya miaka arobaini, viwili viwili.

Masuo akavitazama kwa huzuni. "Havifanani."

"Watu wa bonde hili pia hawafanani, na tunawapenda hivyohivyo."

"Tokyo vishikio vyote lazima..."

"Fundi, ukisema Tokyo mara moja tena humu dukani nitakufungulia mlango mimi mwenyewe."

Akalibeba sanduku. Kwa siku nane walifanya kazi pamoja karakanani, kati ya treni ya asubuhi na ya jioni, behewa moja likitoka na lingine likiingia. Chuma kile kilivunja biti saba za keekee, na kila ikivunjika Masuo aliguna kana kwamba wametoboa ubavu wake yeye. Kikue alipima, akakata, akapachika vibakuli kwa skrubu ndogo, akiimba kwa pua. Mlango wa kwanza ulipokamilika, Masuo akauachia upepo na kurudi nyuma kwa heshima.

"Jaribu wewe."

Kikue akauvuta. Akakunja uso. "Unateleza vibaya."

Jamani! Mlango wa Masuo Hirukawa! Mtu aliyekuja na spana kabla mlango haujakohoa mara ya pili! Akawa mwekundu mpaka shingoni. Kikue hakungoja jibu. Akatoa kipande cha mshumaa mfukoni mwa aproni, akapiga magoti, akausugua kwenye mfereji wa chini, ncha hadi ncha, kama mama yake alivyofanya kila mwisho wa mwaka kwenye milango ya sebuleni. Kisha akaweka kidole kimoja, cha mwisho, ndani ya kibuyu cha shaba.

Mlango ukaenda kama wingu.

Masuo akaurudisha, akauvuta tena. Miaka ishirini na miwili ya grisi ya kiwandani, na hajawahi kuona kitu kama kile. Wanaosema kwamba alimpenda Kikue siku nyingine, wanakosea. Ni siku hiyo, na kuna skrubu tatu alizozifunga siku hiyo ambazo mpaka leo zimekaa upande.

"Mlango," akanong'ona, kidole juu, "sawa."

"Sawa nini, bado kumi na mmoja. Piga magoti."

Tarehe ishirini na nane kulipokucha, theluji ilikuwa kiunoni. Basi la manjano lilisimama mbele ya stesheni ya Okudani likipiga honi, na dereva wake akitabasamu. Ubao wa Kufulia ulisimama jukwaani na milango yake imefungwa. Mzee Ozeki alijifanya anasoma ratiba aliyoiandika mwenyewe. Masuo alisimama karibu na koki, mikono nyuma, na mikono ile ilikuwa inashikana isikimbie. Watu wa kijiji walijaa uwanjani na mizigo yao, wakaangalia kulia, wakaangalia kushoto. Bonde lile hakuna anayependa kuwa wa kwanza.

Bibi Tome akapenya katikati yao na kikapu chake. Akapita mlango wa mwezi. Akapita mlango wa plamu. Akasimama kwenye mlango wa korongo, akainamisha pua akamtazama.

"Huyu korongo alikuwa wa nani?"

"Baba alimtengenezea mtu ambaye harusi yake ilivunjika," akasema Kikue.

"Basi sasa ni wangu."

Akaingiza kidole. Mlango ukaenda bila sauti, bibi akakaribia kuanguka ndani kwa wepesi wake. Akaingia, akageuka, na kwa mikono miwili, taratibu, akaurudisha nyuma yake kama mtu aliyeingia sebuleni kwake. Kioo kikapata ukungu. Ndani ya ukungu akaonekana anavua skafu.

Basi! Nani tena wa kukaa nje? Watu wakamiminika. Palizuka ugomvi wa kibuyu, maana koo mbili zilidai kibuyu ni alama yao, Rokuro akaamua ukoo mmoja ushukie humo na mwingine upandie humo. Stesheni ya pili wakajaa, ya tano wakabanana, ya kumi Masuo mwenyewe ilibidi atoke jukwaani asukume migongo kwa glavu zake nyeupe, huku machozi yanamtoka, kama zile asubuhi za ujana wake. Ndani kulikuwa na joto la watu, harufu ya machungwa na mboga za chumvi, na kila mlango uliofunguliwa ulifungwa na mkono wa mtu. Basi la manjano lilishuka na dereva na sanduku moja la figili. Kesho yake Mzee Ozeki alimpigia mkata vyuma simu, kweli, akamtakia mwaka mwema, akakata.

Siku ya arobaini ikafika, tarehe thelathini. Kazi imekwisha, mabehewa yako salama, na fundi wa kuazimwa hurudishwa. Masuo alikwenda kumuaga Kikue akamkuta anaosha mchele wa kunata kwa ajili ya kutwanga keki za mwaka mpya.

"Treni yangu ya Tokyo inapita Shimomachi saa nne na dakika arobaini na mbili," akasema.

"Usichelewe, basi," akasema Kikue, na akaendelea kuosha mchele uliokwisha kutakata.

Masuo akashuka bondeni akiwa amesimama, mkoba mkononi. Walipoingia Shimomachi akajikagua kwa kidole: "Kofia, ipo! Mkoba, upo! Tiketi, ipo!" Akajipanga wima mbele ya mlango wa plamu, kama anavyojipanga mtu wa mjini mwenye adabu, akangoja ufunguke.

Watu wakafungua milango mingine, wakashuka, wakaifunga. Wa kupanda nao wakafungua, wakaingia, wakaifunga. Masuo akangoja. Akatoa saa. Moyoni alimlaumu Rokuro: kondakta gani huyu, dakika nzima! Dakika mbili! Nyuma yake Bibi Tome, aliyekuwa amemaliza kuuza mapema, alipanda kwa mlango wa korongo, akakaa, akaweka mikono juu ya paja, akamtazama yule mtu mrefu anayetazama mlango. Jukwaa la pili treni ya Tokyo ikaingia, ikangoja kidogo, ikaondoka. Rokuro akachungulia nje, akaona milango yote imefungwa, taa ya kuonya mlango ulio wazi imezimika, akapuliza filimbi. Na Ubao wa Kufulia, ambao huwa unageukia hapohapo, ukaanza kurudi mlimani na fundi wake ndani.

Masuo akageuka polepole. "Bibi! Uliniona?"

"Nilikuona."

"Kwa nini hukuniambia nivute?"

"Aa, mimi mshamba, ningejuaje? Nilidhani unasali."

Wakuu wa stesheni wana simu, na simu za bonde lile hazijui siri. Stesheni ya pili walikuwa wamesimama jukwaani watu watatu wakicheka. Ya tano, watu kumi. Ya kumi wakampigia makofi na kumpitishia machungwa dirishani. Kila mtu alikuwa na lake: amesahau, hakusahau, fundi wa milango ashindwe na mlango? Leo hii ukimuuliza mwenyewe atakuonyesha kidole dirishani na kusema, "Mlima, upo!" na hapo umepata jibu lako lote. Yale mabehewa yalikimbia bonde lile miaka mingine ishirini na tisa.

Alipofika Okudani kulikuwa na mvuke mbele ya duka la milango. Kikue alikuwa amekwisha kumwaga mchele wa moto kwenye kinu, amefunga kichwa kitambaa, uso mwekundu kwa moto. Hakuuliza treni imekuwaje.

"Una mikono mirefu," akasema, akimwekea mchi. "Twanga. Mimi nageuza. Na usihesabu sekunde, utanivunja vidole."

Masuo akaweka mkoba chini, akavua kofia, akatwanga.